Mbuzi ya kukalia na homwek ya darasa la 6

Juzi jioni dada kaniletea mwanae, yupo darasa la 6, eti nimsaidie homwek ya Kiswahili kwa vile "wewe si ndo ulisoma arts". Nikajua dakika 20 tumemaliza tunakaa kuangalia tamthilia. Wee! Tumenyanyuka pale saa 4 usiku.

Tukaanza na ufahamu. Kahabari kafupi tu, bibi anapika wali wa nazi, alafu maswali 5. Swali la pili linataka maana ya neno "mbuzi" kama lilivyotumika kwenye habari. Mtoto kaandika fasta, mnyama afugwaye mwenye pembe. Sasa habari yenyewe inasema bibi alivuta mbuzi akaikalia akaanza kukuna nazi, nikamuuliza we ushawahi kuona bibi kamkalia mbuzi jikoni? Akacheka lakini hakufuta, maana kwao nazi inasagwa kwenye blenda, hiyo mbuzi ya kukunia hajawahi hata kuiona, kosa lake liko wapi hapo? Bas nikamwambia rudi kwenye sentensi, imeandikwa "akaikalia", haijaandikwa "akamkalia". Angekuwa mnyama ingekuja -m-. Akakodoa macho kama kaonyeshwa mlango wa siri. Ndo maana swali linasema "kama lilivyotumika", jibu unalitafuta kwenye maneno yaliyolizunguka, ulichokariri kichwani weka pembeni kwanza.

Swali la kichwa cha habari sitalisemea sana, kaandika "Bibi". Nikamuuliza habari nzima inamhusu bibi au inahusu mapishi, akafuta mwenyewe.

Kasheshe ikaja kwenye tashbiha, ile ya kufananisha kitu na kingine. Kaambiwa apigie mstari tashbiha zote, kapigia kila penye "kama"! Hadi "kama mvua ikinyesha hatutaenda sokoni". Nikamwambia hiyo kama ni ya sharti, haifananishi kitu na kitu. Akanijibu haya, na "Juma ni mrefu kama kaka yake"? Hapo nikakuna kichwa kwakweli. Wapo walimu watakaompa vema, ila mimi nakataa, mtu kupimwa na mtu mwenzie ni vipimo tu, tashbiha inanoga ukichukua vitu visivyofanana kabisa ukavigonganisha kwa sifa moja, Juma ni mrefu kama mnazi. Na siyo lazima iwe "kama", kuna mithili ya, kuna utadhani, kuna mfano wa. Ukikiondoa hicho kiungo ukasema moja kwa moja Juma ni mnazi, imeshakuwa sitiari. Akafikiri wee alafu akasema, "Kwahiyo mamdogo anaongea kama redio ni tashbiha, mamdogo ni redio ni sitiari." Sawa bwana. Vema zote mbili.

Hapo ndo nikafanya kosa la kumpigia binamu yake wa Mombasa ili wasaidiane. Kule wao wanasema tashbihi, siyo tashbiha. Tashihisi yetu, ile ya kumpa mnyama au kitu tabia za binadamu, wao ni tashhisi au uhuishaji. Kutia chumvi sisi tunaita mubaalagha, wao chuku, alafu wana balagha ambayo ni lile swali lisilohitaji jibu, huku kwetu tunaliita tashtiti. Yaani mubaalagha na balagha, mtoto wa miaka 11 asichanganyikiwe kwanini? Mi naona hizo istilahi wangekaa pamoja wakazisawazisha, ila wakati tunasubiri nikamwambia we andika anavyotaka mwalimu wako.

Mwisho kabisa kulikuwa na hadithi ya fisi, ile ya njia panda. Kanusa harufu ya nyama kushoto, kanusa na kulia, akaamua apite njia zote mbili kwa mpigo, mguu huku mguu kule, mpaka akapasuka msamba. Hii hadithi kwa kufundishia ni dhahabu. Mhusika fisi, mandhari njia panda, mgogoro uko ndani ya nafsi yake maana hakuna aliyemgusa, kilele pale miguu inapoanza kuachana, na "pwaa!" ya mwisho ni tanakali sauti, neno linaloiga mlio. Kilichomshinda ni dhamira na ujumbe, na wakubwa wengi tu vinawashinda. Mi huwa natumia ujanja mmoja wa mtaani, dhamira ni jambo linalozungumziwa, unaweza kulitaja hata kwa neno moja, tamaa. Ujumbe ni lile unaloambiwa kuhusu hiyo tamaa, kwahiyo lazima iwe sentensi nzima, ukitaka vyote utakosa vyote. Kaandika vizuri kabisa, na kwenye ujumbe kaongezea cha kwake, "fisi angemuita rafiki wagawane njia". Nikakiacha hivohivo.

Nikafunga daftari nikijua tumemaliza. Yeye kakaa tu anaitazama ile picha ya fisi.

"Mamdogo, si fisi alikuwa peke yake pale njia panda?"

"Ndiyo."

"Na alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa aliyekuja kusimulia alijuaje kama alinusa nyama?"

Nikaanza kumwambia kuna msimulizi anayejua yote, hadi yaliyo moyoni mwa wahusika, na huyo siyo lazima awe mwandishi mwenyewe, akanikatiza, "na huyo alikuwa amejificha wapi?" Nikamwambia twende tukalale, kesho shule.