Kanzidata kwanza, seva baadaye

Leo jioni tumezima na kuwasha upya seva ya ghala la dagaa hapa Kibirizi, na nimefurahi sana jinsi ilivyokwenda. Kanzidata yetu, yaani programu inayotunza rekodi, ni PostgreSQL. Kwanza tuliangalia nani bado ameunganishwa: alibaki mama wa mizani tu, kalamu sikioni, anamalizia risiti ya magunia. Tukamsubiri. Haraka ya nini?

Kisha tukatoa amri: pg_ctl stop -m fast. Hiyo inawakata watumiaji, inatengua miamala isiyokamilika, halafu inaandika diskini kila kilichokuwa bado kwenye memori. Kuna nyingine, immediate. Hiyo siipendi kabisa, inakatisha papo hapo, na kanzidata ikiwaka lazima ipitie kwanza kumbukumbu za WAL (daftari lake la kila badiliko) ijirekebishe. Wachuuzi wa alfajiri hawana muda huo.

Mdogo wangu wa kazini alitaka kubonyeza swichi mara tu amri ilipotoka. Nikamwonyesha logi, faili ambamo kanzidata huandika inachofanya, tukangoja mpaka mstari huu utokee: "database system is shut down". Hapo ndipo tukawasha upya seva.

Wenzangu wa Mwanga na Ujiji, umeme ukikatika, UPS zenu (betri za akiba) zinawapa muda wa kufanya hivi? Pimeni kabla ya masika.