Kompyuta ya lita 11 na nusu: kumbukumbu ya kuchagua vifaa

Januari mwanzoni

Laptopu yangu imefika mwisho. Betri imevimba mpaka imeinua kibodi, bawaba moja imeachia, na video fupi ya harusi inachukua mchana mzima kutoka. Fundi wa mtaani aliigeuza mara moja tu akanirudishia: "Kaka, hii uza vipuri." Sawa. Safari hii naunda ya mezani mwenyewe.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza ni meza: hapa Tabata meza ya kazi ndiyo hiyo hiyo ya kulia, kwa hiyo boksi la ofisini lenye ukubwa wa ndoo mbili halina pa kukaa. La pili ni Tanga. Sikukuu huwa naenda nyumbani, na nataka kuibeba kwenye begi la mgongoni, nikifika naichomeka kwenye TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Ukishataja basi na matuta ya barabarani, mambo kadhaa yanajiamua yenyewe: hakuna kioo ubavuni, na hakuna lile bati refu la kupooza prosesa (ubongo wa kompyuta) linaloning'inia kwenye madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) likisubiri tuta kubwa.

Bajeti ni shilingi 1,500,000, monita na kibodi ninazo. Kazi ni kuhariri picha na video, kuandika programu kidogo, na mechi mbili tatu za mpira mdogo wangu akija.

Kila niliyemwambia amenishauri ninunue zile kompyuta ndogo za mtumba, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, zenye ujazo wa kama lita moja. Kwa kazi za barua na Excel ningemwambia mtu yeyote achukue hizo na asihangaike. Shida yangu nazo ni kwamba kila kitu ndani kina umbo la mtengenezaji wake. Madabodi ikifa, unatafuta nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye maiti nyingine. Mimi nataka kitu ambacho kipuri chake nitakipata Kariakoo.

Umbo kwanza

Kompyuta kubwa unaweza kuanza na prosesa, ukishapenda unatafuta kasha. Ndogo unaanza na rula.

Madabodi ya kawaida, ATX, ina milimita 305 kwa 244. Mini-ITX, aina iliyoletwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, ni mraba wa milimita 170, na matundu yake manne ya skrubu yamewekwa pale pale yalipo ya ATX. Ndiyo maana imedumu: bodi ya kampuni yoyote inaingia kwenye kasha la kampuni yoyote.

Nilivutiwa sana na ASRock DeskMini X300. Ina lita 1.92, milimita 155 kwa 155 kwa 80, unaweza kuishika kwa mkono mmoja. Kasha na madabodi vinakuja pamoja, na umeme unatoka kwenye adapta ya volti 19 kama ya laptopu. Ila bodi yake ni Mini-STX, umbo ambalo wengine karibu wote wameliacha, kwa hiyo nimerudi pale pale kwenye tatizo la maiti. Na nafasi juu ya prosesa ni milimita 46 tu. Feni ya bure inayokuja na Ryzen, prosesa za AMD, inaitwa Wraith Stealth, ina urefu wa 54. Haiingii. Utanunua nyingine, na feni nzuri fupi si rahisi kuikuta kwenye maduka ya hapa.

Halafu kuna makasha mazuri ya Mini-ITX yanayotumia pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ndogo ya SFX, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. Hizo nimeziulizia maduka ya Kariakoo na ya Samora. Wengi wanakuletea ATX na kukwambia ndiyo yenyewe. Kompyuta ambayo pawa saplai yake ikiungua unasubiri mtu atoke Dubai, hapana.

Nikaangukia SilverStone SG13. Ni kasha la zamani kidogo, halina taa wala kioo, 222 kwa 181 kwa 285, yaani lita 11.5. Linachukua Mini-ITX na pawa saplai ya ATX ya kawaida, mradi isizidi kina cha milimita 150, na nafasi juu ya prosesa ni milimita 61. Nimekata boksi la maji ya kunywa kwa vipimo hivyo, nikaliunga kwa gundi ya karatasi, nikaliweka mezani siku kadhaa. Linakaa kando ya monita na sahani inapita. Kwenye begi linaingia, zipu inafungwa kwa kubembeleza.

Mtoto wa mama mdogo yuko Sharjah na anakuja kwa ajili ya Idi. Atalibeba. Nimemwambia ajaze nguo ndani yake, asilete hewa kwenye sanduku.

Prosesa na bodi

Ryzen 5 5600G. Ya mwaka 2021, viini 6 vya kufanya kazi, nyuzi 12 (kazi inazoendesha kwa pamoja), na ina grafiki, sehemu ya kuchora picha, ndani yake kwa hiyo sihitaji kadi. Ipo 8600G ya 2024 ambayo grafiki yake inaiacha hii mbali, siwezi kubisha. Lakini inataka soketi (kiti cha prosesa) ya AM5 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kizazi kipya, DDR5, na bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025. DDR4, ya kizazi kilichopita inayotumiwa na 5600G, angalau ipo ya mtumba.

Bodi: nimechukua ya chipseti (chipu inayosimamia bodi) ya A520, yenye Wi-Fi. Muuzaji alinisukuma sana kwenye B550 kwa sababu "ina PCIe 4, mkuu, ya kisasa." Ni kweli ina, na PCIe ndiyo njia ya data kati ya prosesa, kadi na diski. Ila 5600G yenyewe inaishia PCIe 3.0, kwa hiyo ningelipia barabara ya njia nne nikapita na bajaji. Tofauti ya bei imehamia kwenye SSD, diski ya kuhifadhia.

Jambo la kuangalia kwa anayefuata njia hii: A520 ilitoka 2020, prosesa hii ikaja mwaka uliofuata. Bodi iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi) isiyoitambua. Waambie waiwashe mbele yako.

Kariakoo, pawa saplai

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo naona watu wanaibiwa.

Duka la kwanza, Mtaa wa Aggrey, kijana akanipa boksi limeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu. Nikaishika. Nyepesi, kama imesahauliwa kitu ndani. Nikaigeuza kutafuta kibandiko, nacho kilikuwa pembeni, kimepigwa chapa kwa wino unaofutika na kidole. Mstari wa +12V unasema 14A.

"Boss, 12 mara 14 ni ngapi?"

Akatoa simu akapiga hesabu. "Mia na sitini na nane."

"Sasa mia tano iko wapi?"

Akacheka, akasema, "Kaka, hiyo ni ya kwenye boksi."

Kompyuta ya leo inakula karibu kila kitu kwenye mstari wa volti 12, prosesa na kadi ya grafiki vyote viko hapo. Kwa hiyo usisome namba ya dhahabu, soma ampea za 12V uzizidishe. Mimi kwa kweli sihitaji nyingi. 5600G imepangiwa wati 65, ikisukumwa inafika 88, weka bodi, diski na feni, bado mfumo mzima uko chini ya 130. Hata zile 168 zingetosha kwenye karatasi, ila kibandiko kinachofutika na kidole sikiamini.

Nimeipata yenye alama ya ufanisi ya 80 PLUS Bronze, 450W, duka la Posta. 12V yake ni 36A. Kina chake nimekipima mwenyewe kwa futikamba palepale kaunta: 140. Nyaya zake zimeungwa moja kwa moja, hazichomoki, na kwenye SG13 hilo ni kero maana zote utazikunja mbele ya madabodi. Zenye nyaya za kuchomoka zilikuwa na kina cha 160.

RAM, kwa ufupi lakini muhimu

Mini-ITX kwa kawaida ina matundu mawili tu ya RAM, na grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakula kwenye hiyo hiyo. Kwa hiyo kasi ya RAM ndiyo kasi ya picha. Kijiti kimoja kipya cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili vya mtumba vya 2666, vilivyotolewa kwenye kompyuta za ofisi, vikifanya kazi pamoja vinapitisha 42.6. Nimechukua viwili vya mtumba, 8GB kila kimoja, mtengenezaji mmoja, namba ile ile kwenye kibandiko. Nikavipima kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM, usiku mzima kabla ya muda wa kurudisha kuisha. Havikutoa kosa. Fedha zikiruhusu baadaye nitaweka 3200.

SSD ni ya 500GB, aina ya NVMe, yenye kasi kuliko SATA ya zamani. Ukienda kununua angalia meno: kwa kawaida yenye mkato mmoja ni NVMe, yenye mikato miwili ni SATA, nayo haivuki megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Kwa macho ya haraka zinafanana, na bei wanazokutajia wakati mwingine nazo zinafanana.

Februari: milimita 7

Kasha halijafika lakini vifaa vipo, kwa hiyo nimeviwasha juu ya boksi la madabodi mezani. Imewaka mara ya kwanza, BIOS imeitambua prosesa. Sasa kuna swali limekuwa likinisumbua tangu nilipoangalia picha za SG13.

Ndani ya kasha hilo pawa saplai inakaa juu ya prosesa, feni yake ikitazama chini. Nafasi ni 61, Wraith Stealth ni 54, zinabaki 7. Inaingia, ndiyo. Lakini feni ya prosesa inavuta hewa kutoka juu, na feni ya pawa saplai inavuta kutoka chini. Feni mbili zinatazamana uso kwa uso, umbali wa milimita 7, zinagombania hewa ile ile. Na hii ni Dar, Februari. Kipimajoto cha chumbani kinasoma nyuzi 32 saa nane mchana.

Nikaamua kuigiza. Vitabu pande mbili, vipande vya mbao juu yake, pawa saplai imelala juu ikiwa imewashwa, nikiongeza na kupunguza makaratasi mpaka rula ikasoma 7. Kisha Cinebench, programu ya kuichosha prosesa, viini vyote, nusu saa.

Bila pawa saplai juu: nyuzi 80. Pawa saplai ikiwa milimita 7 juu: 92. Kikomo cha prosesa hii ni 95, na hapo mezani pande zote ziko wazi. Ndani ya bati itakuwa mbaya zaidi.

Njia moja ni Noctua NH-L9a, yenye urefu wa 37, ambayo ingeacha pengo la 24. Ni feni nzuri, lakini bei yake hapa Dar inakaribia ya SSD. Njia nyingine ni ya bure: AMD wenyewe wanaruhusu 5600G ipangwe kati ya wati 45 na 65. Nikaingia BIOS nikaweka 45, nikarudia vilevile, pengo la 7. Ikaishia 77.

Nilichopoteza nimekipima kwa video ya harusi yenyewe badala ya alama za majaribio. Iliyokuwa inatoka kwa dakika 14 sasa inachukua 16. Kwenye mechi sikuona tofauti yoyote, nadhani kwa sababu pale inayobanwa ni grafiki na RAM. Dakika mbili nazikubali. Kifaa cha kupimia umeme ukutani kinasoma wati 72 kazi ikipamba moto, na 25 ikiwa imetulia, kwa hiyo hata uniti za LUKU hazitalalamika.

Nimejaribu pia kuigeuza pawa saplai feni yake iangalie juu. Joto la prosesa lilishuka, ila ndani ya kasha hilo itakuwa inavuta hewa kwenye bati tupu. Nimeacha.

Machi, kabla ya Idi

Yaliyobaki ni madogo. Mbele ya kasha kuna nafasi ya feni moja, 120 au 140. Ya 140 ingeleta hewa zaidi kwa kelele kidogo, lakini 120 zipo kila duka na hii ndiyo feni itakayokula vumbi, kwa hiyo 120. Kichujio nitakikata kwenye wavu wa dirisha wa mbu, tabaka moja tu.

Kadi ya grafiki sinunui sasa. Siku nikinunua, RX 6400 naikwepa: inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwenye PCIe 3.0 ya prosesa hii zinapitisha nusu ya kiasi kilichokusudiwa. RTX 3050 ya 6GB ina njia 8, inakula wati 70 na haihitaji waya wake wa umeme, nyaya zimeshakuwa nyingi vya kutosha mle ndani.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, bado nabishana nayo. Pawa saplai za kisasa zenye PFC (sakiti ya kunyoosha uvutaji wa umeme), nyingine hazielewani na UPS za bei nafuu, umeme ukikatika zinazima badala ya kuendelea. Jirani ana yake ya 650VA na amekubali niiazime Jumapili. Nitachomeka, niweke Cinebench, kisha nichomoe UPS ukutani.

Jumla mpaka sasa ni shilingi 1,310,000, pamoja na pesa niliyotuma Sharjah kwa ajili ya kasha.