Binti yangu alificha kwamba kapigwa kichwani

Binti yangu ana miaka 9 na ana mkanda wa njano wa karate. Bibi yake hataki hata kusikia, kwake yeye mtoto wa kike kurusha mateke ni uhuni, na majirani nao wananiuliza si atakuja kuumiza wenzake shuleni? Hilo kwa kweli halininyimi usingizi, maana tangu aanze ndo kwanza kapoa, zamani kaka yake akimchokoza alikuwa anang'ata, siku hizi anainuka anaenda zake. Hofu yangu iko kwingine na nimeona niandike, maana wazazi wengi tunashusha mtoto getini kwenye bodaboda tunaondoka zetu.

Mwaka jana alikuwa klabu nyingine, siitaji jina. Ukumbi una sakafu ya saruji tupu, na Jumamosi moja wakapanga watoto wapigane, ile wanaita kumite, binti yangu akawekwa na kijana wa kama miaka 13. Mimi nilikuwa sokoni. Aliporudi hakula, akasema ana usingizi, saa moja jioni, mtoto ambaye kumlaza kila siku ni vita! Nikawa namvua gi, ile sare yao ya karate, nikaona kafumba macho kwa nguvu, kaweka kiganja usoni, hataki taa. Nikamuuliza mama, umepigwa? Hapana mama, nimechoka tu. Usiku akatapika mara mbili, hapo ndo kaka yake akafunguka, kwamba alipigwa teke la kichwa akaanguka, mwalimu, wao wanamwita sensei, akamwambia simama, akasimama, wakaendelea.

Tulifika hospitali usiku huohuo. Daktari akamuuliza leo siku gani, akachelewa kujibu, jamani zile sekunde sitazisahau. Akasema ni mtikisiko wa ubongo, asiguse mazoezi mpaka amwone tena, na akaniambia mtoto aliyegongwa kichwa anatolewa palepale, harudishwi mchezoni siku hiyo hata akisema yuko sawa, kwa sababu akigongwa tena kabla ubongo haujapona ndo hatari kubwa zaidi.

Lakini kilichonichoma kuliko teke ni jibu lake nilipomuuliza kwa nini hukusema. "Ukisema unaumwa wanakucheka, na sensei anasema mwanakarate halii." Yaani mtoto wangu alifundishwa kunificha mimi mama yake maumivu, na akaona huo ndo ushujaa.

Nikaanza kusoma usiku baada ya usiku. Nikakuta fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, wale wa uzito wa juu ya kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la nguvu mpaka akazimia, wakambeba kwa machela. Hamedi akaondolewa, dhahabu ikaenda kwa aliyezimia! Wengi walilalamika, mimi nikasema kumbe sheria ipo, kumbe kwenye karate yao kushindwa kujizuia ni kosa hata kwa watu wazima, sasa nani aliruhusu yale kwa mtoto wangu wa darasa la tatu? Na tusidanganyane na zile kofia za kujikinga, zinasaidia kichwa kisichanike lakini haijathibitishwa kwamba zinazuia mtikisiko wa ubongo.

Nilitaka aache kabisa. Alilia wiki nzima, jikoni anaosha vyombo huku anahesabu ichi, ni, san, shi, nikashindwa. Tukatafuta kwingine, safari hii nikakaa benchi siku tatu kabla ya kulipa ada. Nikaangalia anawapanga kwa umri na uzito au vipi, chini kuna nini, mtoto akianguka nani anamfuata. Huyu sensei mpya watoto wadogo hawapigani kichwani hata kwa kugusa, na mkono ukiinuka wote wanasimama.

Alhamisi iliyopita nikamuona binti yangu kainua mkono katikati ya mazoezi. Moyo ukanipaa. Kumbe kidole cha mguu kimejikunja. Sensei akapiga goti, akakishika kile kidole, akakigeuza polepole, akamwambia "umefanya vizuri kusema", akamuuliza anataka kupumzika au kuendelea. Akaja kukaa na mimi kidogo, akanywa maji, kisha akarudi kwenye mstari wake.

Bibi yake habari ya lile teke bado hajaambiwa.