Pale kipimajoto kinapogoma kupanda

Kwa miaka mingi niliamini kwamba joto na jotoridi, yaani namba inayosomwa kwenye kipimajoto, ni majina mawili ya kitu kimoja, la kwanza likiwa la jikoni na la pili la darasani. Sufuria ndogo, bakuli la barafu na kipimajoto vilinisahihisha jioni moja tu, na tangu hapo nimelirudia jaribio hilo mara nyingi, kwa sababu kila nikilifanya naona jambo ambalo sikuliona awali.

Ponda barafu ijae nusu ya sufuria, ongeza maji baridi kidogo ili kipimajoto kipate pa kuzama, kisha bandika juu ya moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha. Kipimajoto kiwe cha kupima angalau hadi nyuzi 110. Kile cha kupimia homa hakifai kabisa, kwani ukomo wake ni karibu nyuzi 42 na kitapasuka. Andika usomaji wa kila dakika. Daftari langu lilijaa sifuri mfululizo, ingawa moto ulikuwa ukiwaka wakati wote na mapande ya barafu yalikuwa yakipungua mbele ya macho yangu. Ni pale kipande cha mwisho kilipokonda kama ukucha na kutoweka ndipo namba zilipoanza kupanda, na zilipanda kwa kasi.

Joto lote lile lilikuwa limekwenda wapi? Lilitumika kuzifungua molekuli za maji kutoka katika mpangilio uliozishikilia ndani ya barafu, wala halikutumika kuziongezea mwendo, na kipimajoto husoma mwendo huo tu. Kuyeyusha gramu 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 huhitaji jouli (kipimo cha nishati) 334 hivi, ilhali kupandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji takriban jouli 4.2. Maana yake ni kwamba joto linaloyeyusha barafu bila kuigusa namba ya kipimajoto lingetosha kuyafikisha maji yaleyale karibu na nyuzi 80. Joseph Black, mwanasayansi wa Uskoti, alilitambua joto hili lililojificha katika karne ya 18 kwa njia isiyotofautiana sana na hii ya sufuria na subira.

Usiepue sufuria bado, bali tega sikio. Kwanza hutokea viputo vidogo vinavyoganda ukutani mwa sufuria, ambavyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Baadaye sufuria huanza kuvuma, kwa kuwa viputo vya mvuke vinazaliwa chini penye moto na kusinyaa ghafla vikikutana na maji ya juu ambayo hayajapata moto wa kutosha. Maji yanapochemka sawasawa, mvumo huo hupungua na kubaki mtokoto mzito, na hapo kipimajoto kinagoma tena, karibu na nyuzi 100 ikiwa uko usawa wa bahari. Ongeza moto upendavyo: mvuke utaongezeka, jotoridi halitaongezeka. Kugeuza gramu 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula jouli 2,260 hivi, na ndiyo sababu maji yanayochukua dakika 5 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka yatahitaji zaidi ya nusu saa kukauka yote kwa moto uleule.

Hata hiyo 100 si namba ya kudumu. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji ya uvuguvugu mkali yaliyokwisha kuchemshwa ili hewa yake iwe imetoka, toa hewa iliyobaki, ziba mdomo kisha vuta mchi kwa nguvu. Maji yatatoa mapovu na kuchemka, ingawa hayako hata karibu na nyuzi 100, na ukiuachia mchi yatatulia. Umeyapunguzia shinikizo, kama mlima unavyofanya, ambapo kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300.

Kuhusu kuganda, nitasema kwa ufupi kwamba maji hutanuka kwa asilimia 9 hivi yanapokuwa barafu, nami nilijifunza hilo kwa chupa ya kioo iliyopasuka ndani ya friza. Tumia chombo cha plastiki na usikijaze. Jaribio ninalolipenda zaidi ni lingine. Changanya barafu iliyopondwa na chumvi nyingi. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, barafu nayo hulichota joto la kuyeyukia kutoka katika mchanganyiko wenyewe, na jotoridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 10 au zaidi. Zamisha humo kichupa chembamba cha plastiki chenye maji safi, kipimajoto kikiwa ndani, na usikitikise. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, usomaji ulishuka hadi −4 na maji yakabaki maji, angavu kabisa. Nilipokigusa kichupa kwa ncha ya kidole, sindano nyeupe za barafu zilitanda kutoka juu hadi chini kwa muda usiozidi sekunde chache, na kipimajoto, katikati ya baridi ile yote, kikapanda hadi 0: maji yalikuwa yanaganda, na kwa kuganda kwake yalikuwa yanalirudisha joto.