Bahasha ya kaki ninayoibeba kila nikienda kupimwa shingo

Nusu ya kulia ya tezi yangu ya shingo ilitolewa Mwanza mwaka 2021. Ndani yake mlikuwa na saratani ya sentimita 1.4, ile aina ya papilari inayokua taratibu. Nusu ya kushoto nikaachiwa. Miezi sita baadaye nikapigwa altrasaundi ya kwanza, majibu yakawa mazuri, nikarudi zangu Kigoma kwenye biashara yangu ya mawese pale Mwanga.

Mwaka uliofuata nikajiuliza, nauli ya basi mpaka Mwanza ya nini, wakati altrasaundi ipo hapa hapa? Nikaenda mikono mitupu. Nikalazwa chali, mto mdogo chini ya mabega, jeli ya baridi ikapakwa mpaka chini ya masikio. Kijana aliyenipima alikuwa makini. Alipofika upande wa kushoto akatulia, akarudia, akarudia tena.

"Mama, uliwahi kupimwa? Majibu ya zamani unayo?"

Yako nyumbani, nikamwambia. Akaandika: mtoki (yaani kitezi cha limfu cha shingoni) wa milimita 7, uchunguzi zaidi unahitajika.

Usiku ule sikupata usingizi. Mume wangu naye nilimsikia akigeukageuka, lakini hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kulipokucha nikafungua sanduku la kanga, nikatoa bahasha ya kaki niliyotoka nayo Mwanza. Lugha ya madaktari siijui, ila tarakimu nazisoma. Upande wa kushoto, mtoki, milimita 8. Kumbe ulikuwapo tangu mwanzo, na haujakua!

Nikakimbilia kwa daktari. Akasoma karatasi zote mbili, akanirudisha kitandani, akanigeuzia kioo. "Tazama mama. Umbo la haragwe, na katikati pana weupe. Mtoki wa kawaida huwa hivi. Ungekuwa mviringo kama gololi, hauna huo weupe, au una vitone vinavyometa, ningekutuma ukachomwe sindano ya kuchukua sampuli."

Nikamuuliza na ile picha ya mwili mzima, ya kumeza madini joto yenye mionzi, maana jirani yangu aliyetolewa tezi yote alipigwa Dar es Salaam. Akasema kwangu haitafaa: nusu iliyobaki itayanyonya hayo madini, picha itawaka hapo hapo shingoni. Hata thairoglobulini, ile protini ya tezi inayopimwa kwenye damu, nusu hiyo inaitengeneza yenyewe, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi mengi. Wanaangalia kama inapanda mwaka hadi mwaka. Kwa mtu wa nusu tezi kama mimi, altrasaundi ndiyo tegemeo, na aliyeishika mashine anahitaji kuona ya nyuma. Ndiyo maana ndugu zangu mliofanyiwa kama mimi nawasihi: msiache karatasi nyumbani, hata kama mnapimwa mtaa wa pili.

Bahasha sasa ina karatasi nne. Juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino tarehe ya kila kipimo, na pembeni ukubwa wa ule mtoki: 8, 7, 7, 7.