Kijitabu kimoja kila mbalamwezi: nilivyowapatia watu wazima vitabu vya Kiingereza Kigoma

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba darasa la Kiingereza la watu wazima haliendi bila mfadhili. Mtu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia nilifunge kwanza, niandike andiko la mradi, nisubiri. Mwingine akasema, "Wape vitabu vya watoto, si wote ndiyo wanaanza?" Ushauri huo wa pili ndio ulioniuma. Mama wa miaka hamsini, mwenye wajukuu na mtaji wa magunia ya dagaa, unampa kitabu chenye picha ya paka juu ya mkeka na wimbo wa kupiga makofi, halafu unashangaa kwa nini wiki inayofuata haji.

Darasa langu ni la jioni, chumba cha kuazima, njia ya kushukia mwaloni Kibirizi. Wanakuja wauza dagaa, wavuvi, vijana wa boti zinazopeleka wageni Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, na wachache wanaotafuta kazi kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, ambako matangazo ya kazi yanabandikwa kwa Kiingereza kitupu. Wengi waliishia la saba. Kiingereza kwao kilikuwa kipindi kimoja kati ya vingi, na kikaisha siku walipotoka shule.

Mwanzoni nilifanya kama wengine wanavyofanya. Nilikuwa na kitabu kizuri kutoka Uingereza, chenye picha za rangi na santuri yake (CD), alichoniachia rafiki. Tukachangishana, nikakipeleka steshenari, wakatoa kopi kitabu kizima na kukibana kwa gundi. Pesa ilitosha nakala sita tu kwa watu zaidi ya ishirini. Tukafungua somo la kwanza kwa furaha. Zoezi linasema tazama picha, eleza mwanamke huyu amevaa nini. Picha kwenye kopi ilikuwa kipande cheusi. Huoni mwanamke, huoni nguo, ni weusi tu wenye kidoa cheupe mahali ambapo nadhani palikuwa na meno. Mama mmoja aliinua kitabu kwenye taa, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu ni mtu?" Zoezi la pili lilihitaji santuri, na mashine ya kuipigia hatukuwa nayo. La nne lilikuwa la kukata tiketi ya treni ya chini ya ardhi siku ya theluji. Watu hawa wanapanda treni, reli ya kati imefika Kigoma tangu 1914, lakini safari yao haifanani hata chembe na ile ya kitabuni.

Bado gundi. Kitabu kinachotembea kwenye ndoo ya mama muuza dagaa, pamoja na mizani na kanga iliyolowa, gundi ya steshenari haimalizi mwezi. Kurasa zilianza kudondoka kutoka katikati. Halafu nikaja kuelewa kwamba kukopi kitabu kizima cha mtu kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Sikurudia.

Lakini lililoniumiza zaidi ni mahudhurio. Wiki hii chumba kimejaa hadi mlangoni, wiki mbili zijazo nina watu saba. Nilidhani nafundisha vibaya. Ni mzee mmoja fundi nyavu aliyenifungua macho. "Mwalimu, we angalia juu," akasema. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wavuvi wangu, na nusu ya akina mama wanaonunua kwao, wana nafasi wakati wa mbalamwezi tu. Mimi niliyezaliwa hapahapa nilikuwa napanga masomo kwa kalenda ya ukutani! Mtu anaondoka somo la tatu, anarudi wenzake wako la tisa, anakaa nyuma kimya, kisha anapotea kabisa. Kitabu kirefu cha kufuatana kinamfukuza mtu wa aina hiyo hata kikiwa cha bure.

Nikaamua: kijitabu kimoja kwa mbalamwezi moja, kinachosimama chenyewe. Anayeingia mwezi huu asihitaji cha mwezi uliopita.

Sasa hapa nitakaa kidogo, maana sehemu hii niliitafuta mwenyewe usiku kucha. Ukichukua karatasi ya A4 ukaikunja katikati unapata kurasa nne ndogo. Karatasi nne zilizokunjwa pamoja ni kurasa kumi na sita. Toa jalada la mbele na la nyuma, zinabaki kumi na nne, yaani masomo saba, kila somo kurasa mbili zinazotazamana: kushoto habari, kulia mazoezi. Masomo saba, jioni saba za mwezi mkubwa. Nilipoona hesabu imekaa hivyo nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga kofi.

Tatizo ni mpangilio. Nilipochapa ukurasa wa 1 ubavuni mwa 2, kisha 3 na 4, nikakunja, ikatoka fujo: kurasa hazifuatani kabisa. Nikaketi sakafuni na karatasi nne tupu, nikazikunja pamoja kama kitabu, nikaandika namba kwa penseli kila ukurasa kuanzia 1 hadi 16, kisha nikazikunjua. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Nikajumlisha. Kila upande, popote ulipo, jumla ni 17! Tangu hapo sihitaji programu yoyote. Nakaa na kijana wa steshenari nasema weka 12 kushoto, 5 kulia, na nyuma yake 6 na 11, naye anashangaa nimejuaje.

Mwambie ageuze karatasi kwa upande mfupi. Asipofanya hivyo ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini; rimu nusu niliitupa hivyo.

Na herufi ziwe kubwa. Wengi waliopita arobaini hawaoni karibu vizuri, na hawatakuambia, watasema wamesahau miwani. Mimi naandika kwa saizi 20 kwenye A4, kisha mashine ya kopi inapunguza hadi asilimia 71 ili kurasa mbili zikae karatasi moja, herufi zinatua kwenye 14. Ukiandika kwa 12 ya kawaida utapata vidudu.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Nilikuwa nahangaika nayo darasani, mzee fundi nyavu akaninyang'anya. Akatoboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa ncha ya msumari, akatoa uzi wa nyavu mfukoni. Aliingiza sindano tundu la katikati akitokea ndani, akarudi ndani kwa tundu la juu, akaruka la katikati akatokea la chini, kisha akarudi ndani kwa lilelile la katikati. Ncha mbili zikakutana, moja huku moja huku ya uzi mrefu, akafunga. "Uzi huu unateleza, funga mara mbili," akasema, akakata kwa jino. Vijitabu vya mwanzo viko hadi leo, vina harufu ya dagaa lakini hakuna ukurasa uliotoka.

Gharama? Pande nane za kopi. Kwetu upande ni kama shilingi mia, ukipeleka kazi nyingi wanashuka. Nawauzia kwa buku moja, na asiyekuwa nayo analipa akishauza. Sijawahi kudhulumiwa na mtu hata mmoja.

Cha kuweka ndani ndicho watu huniuliza sana, na ndicho kisicho na gharama. Namuomba mwanafunzi anisimulie siku yake kwa Kiswahili, tunaitafsiri wote ubaoni kwa maneno wanayoyajua, nainakili. Somo la pili la kijitabu cha kwanza ni la mama wa dagaa: "I buy by the bucket. I sell by the cup." Nilipompa kikiwa kimechapwa alikisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata kila neno, akafika mwisho akaanza tena. Jirani zake sokoni wote wanazijua sentensi hizo mbili sasa. Masomo mengine yametoka kwenye karatasi ya dawa, fomu ya benki, tangazo la kazi, maswali ambayo wageni huwauliza vijana wa boti kuhusu sokwe.

Kwa usomaji wa ziada nachukua habari za Kiingereza chepesi za VOA, redio ya serikali ya Marekani. Walianza mtindo huo 1959: maneno ya msingi kama 1,500, sentensi fupi, msomaji wa polepole. Zilizoandikwa na watumishi wao wenyewe hazina hakimiliki, unazichapa bila wasiwasi. Ukiona chini pametajwa shirika jingine la habari, iache hiyo. Sauti nazipakua mara moja, narushiana na wanafunzi kwa bluetooth, hakuna anayechoma bando.

Mabango ya ukutani naandika nyuma ya mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, kwa maka peni nene. Manila ni nzuri lakini inachanika.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, niliona chumba kimejaa hata usiku wa giza. Tulikimbia, tukamaliza vijitabu vitatu, na wanafunzi ndio walioshona vyote. Mzee alikuwa mkaguzi, anavuta kila uzi kwa kidole.

Tuko cha kumi na moja sasa. Kinahusu risiti na madeni, na mama yule amesema somo la kwanza ni lake, keshaanza kuniambia sentensi njiani kabla sijafika darasani.