Ile picha ya Dunga niliyoilipia mara mbili

Mwaka jana jamaa mmoja alikuja dukani kwangu hapa Kondele na kitu kimefungwa gazeti, kufungua ni picha ya rangi, wamama wa Dunga, ule ufuo wa wavuvi huku Kisumu, wanangoja maboti asubuhi, na mi napenda hizi vitu jameni. Akaanza na 6,000 nikamshusha mpaka 4,500, nikamtumia kwa M-Pesa, jioni iko ukutani.

Kama miezi mitatu hivi akaja mgeni, naye ni mtu wa kuchora-chora, akaiangalia weee, akaomba aishushe aone mgongo. Huko nyuma kulikuwa na jina na namba ya simu kwa penseli, na mi sijawahi hata kuigeuza siku moja! Tukapiga. Mchoraji akauliza tu: "Umeitoa wapi, na mimi sijaiuza?"

Kumbe aliiacha kwa loji fulani wamtafutie mnunuzi, loji ikafungwa, wafanyakazi hawajalipwa, kila mtu akabeba alichoweza. Huyo jamaa wangu hakuvunja mlango wa mtu, alikuwa anadai mshahara na namwonea huruma, lakini picha haikuwa hata ya loji, sasa ajilipe na mali ya mtu mwingine kivipi?

Nikamuuliza wakili tunayeimba naye kwaya. Akaniambia sheria ya mauzo ya bidhaa hapa Kenya msingi wake ni kwamba mtu hawezi kukupa umiliki ambao yeye hana, kuna visa vichache vya kando lakini mimi nisijidanganye, mwenyewe akikuja anachukua chake na mi nabaki kumtafuta aliyeniuzia, ambaye simu yake ishazimwa kitambo. Halafu kuna kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kupatikana na mali ya wizi ni mpaka miaka 14 kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kushuku, na hapo ndo bei ya kutupa inakugeukia. Ile meseji ya M-Pesa niliyokuwa najivunia nayo? Inaonyesha pesa ilienda kwa nani, haisemi ulinunua nini.

Na usidhani miaka ikipita basi kitu hakiwezi kurudi kwa wenyewe. Vigango viwili, zile nguzo za mbao Wamijikenda husimamisha kukumbuka waliokufa, vya Mzee Kalume Mwakiru kule Pwani viliibwa 1985, vikapatikana kwa makumbusho ya vyuo viwili Marekani, vikarudishwa 2007.

Interpol, lile shirika la polisi la kimataifa, wana app ya bure inaitwa ID-Art ya kuangalia kama kitu kimeripotiwa, lakini kwa picha ya Dunga usiitegemee, nani alienda kuiripoti huko? Huku kwetu wachoraji wanajuana, piga picha mbele na nyuma, tumia mmoja WhatsApp, kabla ya jioni umempata aliyeichora. Na anayekuuzia akuandikie aliipata wapi, na namba ya kitambulisho. Akianza kukuharakisha mwache aende zake.

Mchoraji alikuwa muungwana, angeweza kuibeba. Akasema bei yake ni 18,000, nimelipa pole pole, risiti nimebandika nyuma ya fremu. Nikajaribu kuomba niichapishe kwa kalenda ya duka, akacheka, ati picha ni yangu lakini haki ya kuichapisha imebaki yake. Siku hizi mtu akiingia na kitu kimefungwa gazeti bibi yangu hata haongei, ananiangalia tu.